Sholay mbili za DVD: moja ina umbo, nyingine ina mwisho. Niwawekee wazee ipi?

MtotoWaNgamiani

Wakuu, habari za Jumapili.

Nina DVD mbili za Sholay, ile picha ya Kihindi, zote zimeandikwa Eros, kampuni iliyozitoa. Nilidhani ni kitu kimoja, nikataka moja nimpe shemeji. Kuziangalia, hazifanani.

Ya kwanza picha yake ni pana, na hata kwenye TV yangu ya bapa ya inchi 43 bado inaacha weusi juu na chini. Mwishoni Thakur, mwenye kisasi chake, akiwa anamkanyaga jambazi Gabbar, polisi wanafika, wanamsihi aiachie sheria, basi. Ya pili ni ya mraba, umbo la TV za chogo, weusi uko kulia na kushoto. Hii ina vipande ambavyo ile pana haina, na mwisho wake hakuna cha polisi: Thakur anamuua Gabbar. Kasha la ya kwanza linasema dakika 198, la pili 204.

Idd hii baba na ami zangu watakuwa kwangu. Wote waliiona sinema ujanani, na mpaka leo wakikaa pamoja lazima mmoja ajifanye Gabbar. Ndiyo maana sitaki kuwawekea bora liende.

Swali langu: ipi ndiyo Sholay aliyoitaka mwongozaji? Mdogo wangu ameshikilia ile ya mraba, anasema inaonyesha zaidi, miguu ya watu, mbingu, kila kitu. Mimi naona ile pana ndiyo imekaa kisinema. Halafu TV yenyewe ina ugonjwa wake: farasi wakikimbia wanateleza kama tamthilia za mchana. Msaada tafadhali.

Kipanga wa Ilala

Mkuu unajitesa bure. Weka ile ya mraba, tafuta kitufe cha kuvuta picha mpaka ijae kioo chote. Wazee hawatajua tofauti.

FundiDeki

Watajua, Kipanga. Nimekodisha kanda Tanga hii, barabara ya nane, kuanzia enzi ambazo bara hatuna kituo hata kimoja cha televisheni lakini deki zipo, zinaletwa kutoka Dubai zimefungwa kwenye mablanketi. Wateja waliokuwa wakinirudishia kanda kwa hasira walikuwa wazee wa picha za Kihindi. Vijana wa karate hawakujali chochote alimradi ngumi zinasikika. Mzee wa Sholay akikuta wimbo umekatwa, utamwona mlangoni saa mbili asubuhi kabla hujafungua.

Na hiyo "kuvuta" kuna za aina mbili, nitarudi huko. Ukivuta kwa kutanua ubavuni tu, Basanti, yule binti wa kwenye picha, ananenepa, na farasi wake Dhanno anakuwa kiboko.

Sasa wewe wa Ngamiani. Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, maana hizo DVD mbili kila moja ina nusu ya jibu.

Sholay ilitoka tarehe 15 Agosti 1975, ikatangazwa kuwa picha ya milimita 70 yenye sauti ya stereo. Lakini kamera za milimita 70 hazikutumika, zilikuwa ghali mno. Mpiga picha wake, Dwarka Divecha, alipiga kwa mkanda wa kawaida wa milimita 35, ambao fremu yake inakaribia mraba. Baadaye ndipo ikakuzwa kwenda milimita 70, ikikatwa juu na chini hadi ibaki pana, 2.20 kwa 1, yaani upana ni mara 2.20 ya kimo.

Hapo mdogo wako amesema kweli kuhusu alichokiona, ila hukumu yake siikubali. DVD ya mraba inaonyesha zaidi, ndiyo. Hicho cha zaidi ni kitu ambacho Divecha alikwisha kukitupa. Msaidizi wake, Kamlakar Rao, amesimulia kwamba Divecha aliweka kwenye kamera kioo chenye alama za mipaka ya milimita 70, akawa anapanga watu ndani ya alama hizo huku kamera yenyewe ikimeza fremu nzima. Nje ya alama juu ni mbingu, chini ni vumbi na mawe ya Ramanagara. Piga hesabu: kutoka mraba kwenda 2.20 unapoteza karibu asilimia 40 ya kimo. Hiyo asilimia 40 haikupangwa imfikie mtazamaji. Ukiiangalia sana utaona watu wamekuwa wadogo, wamesimama katikati ya uwazi usio na kazi. Gabbar anapotembea juu ya miamba, mkanda wake ukiburuzika, kwenye fremu pana amejaa pale. Kwenye mraba ana mbingu nyingi juu ya kichwa, utishaji unapungua.

Usichanganye mraba huu na ule mwingine uliotuharibia picha nyingi za kikauboi. Picha ya Sergio Leone ya 1966, The Good, the Bad and the Ugly, imepigwa pana tangu kwenye kamera, 2.35 kwa 1. Ile huwezi kuifungua juu na chini, hakuna kitu huko. Ili iingie kwenye TV ya chogo lazima ukate ubavu, na kinachobaki ni zaidi kidogo ya nusu ya picha. Dukani nilikuwa na kanda yake ya namna hiyo. Pale makaburini mwishoni, wanaume watatu wanatazamana kwenye duara, tamu yote iko kwenye kuwaona watatu kwa pamoja. Kwenye kanda unaona mmoja na nusu, halafu picha inahama ghafla kwenda kwa mwenzake. Kule kuhama si Leone aliyekufanya. Ni mtu fulani kwenye chumba cha kuhamishia picha kwenda kwenye kanda, ameamua kwa niaba ya Leone nani aonekane na nani asubiri. Wateja walikuwa wananiambia steringi kakatwa sikio.

Kwa hiyo mraba wa Leone unaiba, mraba wa Sholay unaongeza takataka. Dawa zake ni tofauti, na ndiyo sababu nimesema nitarudi kwenye kuvuta.

Nije kwenye mwisho. Indira Gandhi alikuwa ametangaza hali ya hatari India mwezi Juni 1975, picha inatoka Agosti. Wakaguzi wa filamu hawakutaka kumwona mtu aliyekuwa ofisa wa polisi akijichukulia sheria mkononi, au tuseme miguuni. Mwongozaji, Ramesh Sippy, akalazimika kupiga mwisho mwingine, polisi wanafika, wanamzuia. Huo ndio uliokwenda sinema. Ule wake wa kwanza ulikaa nje ya macho ya watu miaka 15, mpaka 1990 ulipotoka kwenye kanda za VHS Uingereza. DVD zilipokuja, toleo la dakika 204 lenye mwisho wa Sippy likabaki na fremu ya mraba, na toleo la dakika 198 la wakaguzi ndilo likapewa upana.

Umeona kichekesho? Jicho la Divecha limefungwa kasha moja na mkasi wa serikali, na hadithi ya Sippy imefungwa na fremu ambayo Divecha hakuitaka.

Mimi ningechukua ya 204. Mtu amekatwa mikono yote miwili, amekodi wahuni wawili wamletee adui akiwa hai, tumeonyeshwa viatu vikipigiliwa misumari, zaidi ya saa tatu tumekaa tunangoja. Halafu anatokea ofisa na hotuba. Umbo baya linaniudhi kila dakika lakini nafuata kisa. Mwisho wa kubandikwa unageuza kisa kizima, kila ulichokiona nyuma yake kinakuwa kilikuwa kinaelekea pengine.

Kizingo_Reels

Bwana Fundi, heshima yako, darasa limeingia. Lakini ngoja nikupinge kidogo kutoka huku Mombasa.

Mamangu aliiona Sholay sinema, na aliyoiona ni ya polisi. Mamilioni ya watu, Bombay mpaka huku pwani, waliipenda Sholay hiyohiyo. Kwenye sinema ya Minerva, Bombay, ilionyeshwa miaka mitano mfululizo, na ni hiyo. Sasa mwaka 1990 kanda inatoka Uingereza, tunaambiwa hiyo mliyoipenda siyo. Picha ikishafika kwa watu si ni ya watu?

La pili, hii "nia ya mwongozaji" mbona haitulii? Mwongozaji Wong Kar-wai wa Hong Kong alipotoa upya picha zake kwenye mkusanyiko wa 2021, Fallen Angels ambayo sinema ilikuwa 1.85 aliikata ikawa pana, na rangi za picha nyingine akazigeuza. Ni yeye mwenyewe, hakuna aliyemshika mkono. Storaro naye, mpiga picha wa Apocalypse Now, alikuwa na imani yake kwamba picha zote ziwe 2 kwa 1, basi DVD zikatoka zimepunguzwa ubavu kutoka 2.35. Upana wake ukarudi kwenye Blu-ray ya 2010. Mashabiki wanalia, bwana mkubwa ameridhika. Ukisema tufuate nia, ni nia ya lini?

Kuhusu TV kuteleza: hiyo ni TV inabuni picha za kati ambazo hazikupigwa na mtu. Filamu ina picha 24 kwa sekunde, TV inatunga nyingine za kujaza nafasi. Kila kampuni inaiita jina lake, LG wanaita TruMotion, Sony Motionflow, Samsung Auto Motion Plus. Ingia kwenye menyu ya picha, zima kabisa. Kama TV ni ya karibuni angalia kama ina Filmmaker Mode, ilitangazwa 2019 na inazima hayo yote kwa mpigo. Tom Cruise alitoa video Desemba 2018 kuwaomba watu wazime hiyo kitu, akiwa amevaa nguo za rubani. Kwa mara moja nilikubaliana na Tom Cruise.

BintiMalindi

Assalamu alaykum jamii. Mie niko Maskati, lakini Sholay ni ya nyumbani Unguja, tumelelewa nayo. DVD yangu ni ya mraba na Thakur anaua, sawasawa na ya pili ya kijana. Lakini mashine yangu inanionesha dakika 196 tu, si 204. Mwenye duka alinambia ni nzima. Kanipiga?

Na Kizingo, mama yako simpingi, lakini mimi nilipouona mwisho wa kweli nilinyamaza. Thakur akishaua analia. Ule wa polisi haulii mtu. Kisasi chake kimekwisha na hana kitu tena. Hilo wakaguzi walilikata pia bila ya kujua.

FundiDeki

Binti wa Malindi, hujapigwa. Geuza kasha, nyuma patakuwa pameandikwa PAL. Huo ndio mfumo wetu huku na wenu huko: picha 25 kwa sekunde. Filamu ina 24. Njia iliyozoeleka ya kuihamisha ilikuwa kuikimbiza tu, picha 24 zinachezwa kwa mwendo wa 25. Chukua 204, gawa kwa 25, zidisha kwa 24, unapata 196 kasoro kidogo sana. Hakuna kilichokatwa, kila mtu anasema na kutembea upesi kwa asilimia 4. Sauti nayo inapanda, chini kidogo ya nusu toni, labda kama warekebishaji waliishusha. Mwenye sikio la muziki atasikia mwimbaji Kishore Kumar amekuwa kijana kidogo. Tumekua na kanda za namna hiyo, na nina hakika wengine wetu tukisikia nyimbo kwa kimo chake tunaona zimechoka.

Kwa sababu hiyo usipime toleo kwa dakika. Ya wakaguzi kwenye PAL itasoma kama 190, ya Sippy 196, na mtu asiyejua atadhani 196 ni ile 198 imepunguzwa kidogo. Peleka mbele mpaka mwisho. Ukiona kofia za polisi, ni ya wakaguzi.

Kizingo, hoja zako ni nzuri, nitazijibu moja moja.

Mama yako aliona Sholay, hakuna atakayemnyang'anya. Ningependa toleo la polisi libaki linapatikana siku zote, liandikwe wazi kwenye kasha kwamba hili ndilo lililotoka 1975 na kwa nini. Lakini kijana hajauliza watu walipenda nini. Ameuliza mwongozaji alitaka nini, na kwa hilo wingi wa watazamaji hausaidii.

Wong Kar-wai ni jambo jingine kabisa na la Sippy. Mmoja amebadili mawazo uzeeni, mwingine alibadilishiwa. Ukiniuliza juu ya wa kwanza nitasema ana haki ya kutoa toleo jipya, kosa ni kuondoa la zamani dukani. Mtu wa 1995 aliyepiga Fallen Angels alikuwa na mpiga picha pembeni, taa, pesa za mtu, usingizi wa siku ile. Huyu wa sasa hawakilishi wote hao. Storaro simtetei hata kidogo. Imani yako kuhusu 2 kwa 1 itumie kwenye picha utakayopiga kesho.

Na nia mara nyingi haiko mbali, imeandikwa. Mwongozaji Kubrick alipotoa picha yake Barry Lyndon aliwaandikia maopereta wa sinema barua ya tarehe 8 Desemba 1975: picha imepigwa 1.66, waionyeshe hivyo, na wasithubutu kupita 1.75. Mwaka 2011 ikatoka Blu-ray ya 1.78, ambayo inajaza TV ya leo barabara, na mtu aliyefanya kazi na Kubrick miaka mingi akaitetea kuwa ndivyo inavyotakiwa. Ile barua ikachapishwa mtandaoni. Kampuni ya Criterion walipoitoa 2017, ilikuwa 1.66. Tofauti ya 1.66 na 1.78 ni vipande vyembamba tu, mtu wa kawaida haoni, lakini angalia: aliyekumbuka kwa kichwa alishindwa na karatasi.

Kwa Sholay hakukuwa na bahati ya barua. Hakuna nakala hata moja ya milimita 70 iliyosalia, na negativu yenyewe, ule mkanda uliopita kwenye kamera, ilikutwa imeharibika vibaya. Film Heritage Foundation ya India walipofanya kazi na Sippy Films kuirudisha, walitegemea nakala nyingine, zikiwemo zilizokuwa zimehifadhiwa Uingereza, na ile simulizi ya kioo chenye alama ndiyo iliyowapa uhakika wa kurudi kwenye 2.20. Ikaonyeshwa Bologna, Italia, mwezi Juni 2025, uwanjani nje usiku, pana, na mwisho wa Sippy ukiwa mahali pake. Miaka 50 ndipo vitu viwili vinakaa pamoja kwenye kitambaa kimoja. Kijana, ukiweza kuipata hiyo kwa njia halali kabla ya Idd, tupa maswali yote haya. Usidanganyike na ile ya 3D ya 2014, Ramesh Sippy mwenyewe alikwenda mahakamani kuizuia akashindwa.

Usipoipata, fanya hivi. Weka DVD ya 204. Zima kuteleza kama Kizingo alivyosema. Halafu kwenye ukubwa wa picha usichague ile inayotanua ubavu. Chagua inayokuza picha yote kwa pamoja mpaka ijae kioo na kukata juu na chini. Kwa picha ya Leone hiyo ingekuwa dhambi juu ya dhambi. Kwa Sholay inakuondolea sehemu kubwa ya ile mbingu na vumbi, umefika 1.78, umekaribia alama za Divecha. Picha itapoteza ukali kidogo, vumilia, DVD si mali ya kukuzwa sana. Kuna mahali vichwa vitagusa ukingo wa juu, maana wewe unakata katikati tu.

Na kama una wazimu kama wangu, kata karatasi ngumu nyeusi vipande viwili vya sentimita 5, bandika kimoja juu kimoja chini ya hicho kioo cha inchi 43. Kimo cha kioo ni kama sentimita 53, ukiondoa 10 unabaki na 43, upana ni 95. Gawanya mwenyewe uone ni ngapi.

Kipanga wa Ilala

Nimegawanya, 2.2. Yaani mzee unabandika karatasi kwenye TV 😂😂 Ila kumbe ushauri wangu wa kuvuta ulikuwa sahihi.

FundiDeki

Nusu yake.

Kizingo_Reels

Fundi nimekupa moja kwa ile ya kubadili mawazo na kubadilishiwa. Ya mama bado naidai. Na hapo kwenye karatasi uangalie, TV nyingi taa ya rimoti iko chini kwenye ukingo, ukiifunika utanyanyuka kila ukitaka kuongeza sauti.

MtotoWaNgamiani

Shikamoo mzee Fundi, na shukrani kwenu nyote. Nimejaribu jana usiku mdogo wangu akiwepo. Tulianza na mraba mzima, kisha tukakuza, kisha karatasi (boksi la viatu nimelipaka rangi nyeusi). Kwenye karatasi hakusema kitu, ila Gabbar alipotokea kwenye miamba alisogeza kiti mbele. Kuteleza kumekwisha, ilikuwa imefichwa ndani kabisa ya menyu.

Tatizo limebaki moja. Nikikuza, maandishi ya tafsiri ya Kiingereza chini yanakatwa, na mengine yanaishia nyuma ya boksi. Kuna namna ya kuyapandisha?

FundiDeki

Marahaba. Kuna mashine chache zinazoruhusu, nyingi haziruhusu. Lakini niambie, baba yako na ami zako wanahitaji maandishi kwenye Sholay? Yazime.